Sahihi ya Nyapara

Watu wa ofisini kwetu wakimkumbuka Nyapara huanza na kichekesho cha kofia. Mimi naanza na karatasi. Karatasi yenyewe niliichapisha mimi, kalamu nikamshikisha mimi, na siku ilipotumiwa kumharibia jina na kumfukuzisha kazi, nilikuwa nimekaa viti viwili kutoka kwake na mdomo ninao. Sentensi moja tu ingetosha kumwokoa. Sikuisema. Kwa hiyo usisome haya ukitafuta mtu wa kusifu upande wangu, hayupo.

Alikuwa nyapara wa kikosi cha mitaro katika manispaa yetu, mji mdogo wa Embu, upande wa juu ambako mvua ikianza haiulizi mtu kama ameanua nguo. Kikosi chake kilizibua mitaro na mashimo ya majitaka, kikafagia soko, kikaziba kila mahali ambapo mtu angeweza kutumbukia. Mimi ni afisa wa mafunzo ya wafanyakazi. Kwa maandishi, kazi yangu ilikuwa kuwafundisha watu kama yeye namna ya kufanya kazi bila kuumia. Cheka ukitaka, sitakulaumu.

Jina lake nalijua, lakini mjini hapakuwa na aliyelitumia. Meneja wa manispaa alimwita Nyapara, kina mama wa sokoni walimwita Nyapara, na hata mkewe akipiga simu ofisini aliuliza, "Nyapara ako?" Nami nitamwita hivyo hivyo.

Haya, kofia. Alikuwa na kofia ya kahawia, ya kitambaa kizito, aliyoivaa kanisani Jumapili na mtaroni siku nyingine zote. Helmeti mpya zilipoletwa, meneja akaamuru kila mtu avae, la sivyo asionekane kazini. Kesho yake Nyapara akaja na helmeti juu ya kofia. Imekaa pale juu inayumba, ukimwangalia unaona mtu aliyebebeshwa sufuria. Meneja akamwuliza, "Hii ni nini sasa?" Akajibu, "Helmeti ni ya serikali, kichwa ni yangu. Kofia iko katikati, ya kuamua kesi yao." Tulicheka wiki nzima. Lakini wale vijana wake aliwakagulia kamba za kidevuni kila asubuhi, mmoja mmoja, na aliyefunga ovyo alirudishwa nyumbani.

Ndivyo alivyokuwa. Huwezi kumweka katika gunia moja ukafunga. Alikuwa mzee wa kanisa, naye mfukoni hakukosa muguka, yale majani ya kutafuna ya kufukuza usingizi, uliofungwa kwenye jani la mgomba. Ukimwambia, anasema ni wa jioni, wa kukamulia ng'ombe. Mtu akionekana anatafuna muguka kazini, alimfokea hadi wauzaji wa soko wakageuka. Tena mtu huyohuyo aliyekataza mfanyakazi kuruka mtaro badala ya kutumia daraja, ungemwona saa kumi na moja jioni yuko juu ya bodaboda, wa tatu, bila helmeti, ameshika koleo mkononi, anaelekea kwake upande wa Kianjokoma. Nilimwuliza siku moja, "Mzee, na usalama?" Akasema, "Madam, usalama ni wa watu wangu. Mimi nimeshazaa." Nilimwambia hilo si jibu. Akakubali kwamba si jibu, akapanda.

Ulimi wake haukuwa mtamu. "Wewe ni kichwa cha sururu!" Hayo ndiyo aliyokuwa akimpa mtu mzima mwenye watoto. Watu walimwogopa kidogo, na bado kila mwenye shida nyumbani alimwendea yeye kabla ya kuja kwangu, ambaye mlango wangu umeandikwa "Masilahi ya Wafanyakazi".

Asubuhi hakuita majina. Aliuliza watu wamekula nini. Walisimama kwenye mstari nyuma ya ghala, naye anapita, "Wewe, nini?" "Githeri." "Wewe?" "Chai na viazi." "Wewe?" Mmoja akajibu siku moja kwa mzaha, "Muguka, Nyapara." Akamwambia, "Hiyo ni chakula ya mbuzi. Leo hushuki kwa shimo, na kamba usiguse. Utakaa hapa ulinde viatu zetu." Na kweli mtu mzima alishinda akilinda gambuti. Asiyekula hashuki, hiyo ilikuwa sheria, na haikuwa katika kitabu chochote cha manispaa. Mimi nilikitunza kitabu hicho kabatini, najua.

Sheria yake ya pili ilikuwa kulipumzisha shimo. Shimo la majitaka likikaa limefungwa hukusanya hewa mbaya, hewa ambayo inaweza kumlaza mtu kabla hajapiga kelele. Yeye hakutumia maneno hayo. Alisema shimo lina hasira, liachwe litoe. Alifunua kifuniko cha shimo lenyewe na cha lile la chini yake, akaweka matawi mabichi pande zote watu wasipite, kisha akaketi ukingoni na chupa kubwa ya chai. Akawamiminia wote. Mpaka chupa iishe hakuna anayeshuka, na chupa ile, wacha nikwambie, haikuwa ya watu wenye haraka. Mama mmoja mwenye duka alitoka siku moja akapiga kelele, "Kodi zetu ndizo mnakunywa?" Nyapara akasimama, akavua kofia, "Ndiyo, mama. Karibu kikombe."

Ya tatu ilikuwa kamba. Aliyeshuka alifungwa kamba kiunoni, na juu akabaki mtu wa kuishika ambaye hana kazi nyingine duniani. Simu hapana, stori hapana, kugeuka kumwangalia anayepita hapana. Walimwita mtu wa kamba. Kwa macho ya ofisi, mtu wa kamba alikuwa mvivu anayelipwa kwa kukaa.

Kamba ile naijua kwa mikono yangu. Nilifika pale mara ya kwanza nikiwa bado chuoni, nimetumwa kwa mazoezi ya kazi, nikakabidhiwa kwa Nyapara nijionee kazi za nje. Siku ya kwanza akanipa kamba nishike. Chini alikuwa Njeru, mtu mwembamba wa Kiritiri aliyekulia kwenye uchimbaji wa visima huko kwao kukavu, na ambaye kwa kushuka shimoni hakuwa na mwenzake. Baada ya saa moja nikalalamika kwamba sikusomea kushika kamba. Nyapara akaniuliza, "Digrii yako inajua mtu akizimia kamba inafanya nini?" Akamwita Njeru chini, "Lala!" na kamba ikatulia mkononi mwangu. "Umesikia?" akauliza. "Akiwa kazini inatingishika hivi, hivi. Ikinyamaza, usimwulize kitu. Vuta, na uite watu." Nilivuta, Njeru akapanda anacheka, uso umejaa tope. Hayo ndiyo mafunzo pekee ya usalama niliyopewa kabla ya kuandikwa kazi ya kuwafunza wengine usalama.

Kuna methali moja alikuwa haipendi kabisa, ile ya ajali haina kinga. Ukiisema mbele yake umejitafutia. "Hiyo ni methali ya mtu alisahau kufunga kitu," alisema. Kwake kila ajali ilikuwa na mtu aliyeiona ikija akanyamaza. Vifuniko vya mitaro vilipoanza kuibwa na kuuzwa kama vyuma chakavu, watoto wakawa wanarudi kutoka shuleni na magoti yamechubuka, na bibi mmoja akavunjika mkono. Ofisi iliandika barua kwa polisi. Nyapara alikwenda sokoni akampa kila mama mboga kifuniko chake. "Hiki ni chako. Kikipotea nitakuuliza wewe, kama mtoto." Kina mama wakaanza kuviita kwa majina ya watoto wao, wakavipaka rangi, na mwizi aliyekuja mara ya mwisho alitimuliwa kwa mabua ya mahindi hadi stendi. Mimi niliiandika kazi hiyo kwenye ripoti ya mwaka kama ubunifu wa idara yangu. Hakuona ripoti, wala sikumwonyesha.

Sasa nifike pale nilipokuwa nakwepa.

Manispaa ilitaka kutambuliwa na kaunti kuwa mji salama kwa wafanyakazi na wakazi. Kulikuwa na masharti, na mojawapo lilikuwa kwamba kila anayeingia shimoni awe amepata mafunzo ya siku tatu, na ushahidi uwepo: fomu za mahudhurio zenye sahihi, na picha. Mwalimu alikuwa atoke Meru. Akaahirisha. Tukapanga tena, akaahirisha tena, gari limeharibika, mara amepata msiba. Siku ya kupeleka ushahidi ikabaki kesho. Meneja akaniita, akaniambia kwa upole, "Madam, usituangushe." Neno hilo nikalibeba hadi kwenye ghala la mitaro pamoja na soda na mandazi, nikawaita watu, nikawapanga wapigwe picha wakiwa wamevaa vizibao vipya vya reflekta, nikaweka fomu juu ya pipa.

Wote walimngoja Nyapara. Akatoa miwani yake ya kununua stendi, akaisoma fomu yote, mstari kwa mstari.

"Madam, hapa inasema siku tatu."

"Ndiyo, Mzee."

"Hizo siku mimi nilikuwa kwa mtaro ya hospitali. Na hawa wote."

"Ni karatasi tu. Mwalimu atakuja, tutafanya mafunzo yote. Hii ni ya kushikilia nafasi."

"Basi akikuja tutasaini."

Ningeweza kuondoka hapo na heshima yangu. Badala yake nikatafuta mahali pa kumshika, na nilipajua, kwa sababu tulikuwa tumefanya kazi pamoja miaka. Nikamwambia, "Mzee, wewe ndiye ulinifundisha mimi. Kuna mwalimu gani wa kukufundisha wewe? Tafadhali usiniangushe." Haki ya Mungu, nililisema neno lilelile la meneja, na kwa sauti ileile. Kisha akainama juu ya pipa akatia sahihi yake, ndefu, ya watu waliosoma zamani. Wengine wakafuata bila kusoma. Njeru aliandika jina lake kwa herufi kubwa, akauliza kama anaweza kuongezewa mandazi ya mtoto wake, Wawira. Nikamwongezea, nikajiona mtu mwema.

Ukifanya kazi kwenye ofisi za kwetu utajua kwamba hakuna aliyeshangaa. Tunasaini semina ambazo hatukukaa, tunasimama kwenye picha za miti ambayo haikupandwa. Fomu ikishajaa tunasema kazi imefanyika. Sikujiona mwongo hata kidogo. Nilijiona mtu anayejua kazi yake.

Tulitambuliwa. Bango likawekwa langoni. Haikupita miezi mingi, wageni kutoka mji mwingine wakaja kujifunza kwetu, na mimi ndiye niliyepanga siku. Nilimtaka Nyapara na watu wake watatu wasimame uani mwa ofisi waonyeshe wageni vifaa na namna ya kushuka shimoni. Akasema soko lina mtaro unaotishia kufurika, hataki kukiacha kikosi kimegawanyika. Nikamwambia ni saa moja tu. Akaja. Akaja na kamba, kwa sababu nilimwambia wageni wataka kuiona.

Asubuhi hiyohiyo mtaro wa sokoni ukafurika mbele ya bucha. Wageni walikuwa wapelekwe sokoni baada ya chai, na msimamizi wa soko akaingiwa na hofu ya harufu. Akawatuma waliobaki, Njeru na mwenzake mmoja. Wakamwambia kamba iko ofisini. Akawaambia wafanye haraka, ni dakika tano. Shimo halikupumzishwa. Njeru akashuka, mwenzake akaenda kuchota ndoo, na aliporudi akaita, hakuitikiwa.

Mimi nilikuwa nasema na wageni. Nyapara alikuwa katikati ya uani, amejifunga kamba kiunoni, anaeleza. Mama mboga mmoja akaingia mbio, hana viatu, hakuweza kusema ila "Njeru! Njeru!" Nyapara hakuuliza chochote. Alikimbia na kamba ikiburura nyuma yake, watu wake watatu wakikimbia kuikamata mwisho. Kule aliwapa waishike, akavuta pumzi, akashuka, akapanda, akashuka tena. Mara ya pili akapanda na Njeru.

Njeru alipona kwa maana ya kwamba anapumua. Kichwa chake kilikaa muda mrefu mno bila hewa. Maneno mengi yalimpotea, mikono ikawa inatetemeka, na kazi ya aina yoyote ikawa imemshinda. Nilikwenda kumwona hospitalini na ndizi na maembe. Mkewe, Mama Wawira, alinishika mikono yote miwili akanishukuru.

Kamati ikakaa. Mwenyekiti alitoka kaunti, mtu wa suti safi na lugha safi. Aliinua fomu. "Hii sahihi ni yako?" Nyapara akasema ni yake. "Kwa hiyo ulifunzwa kwamba kikosi hakiachwi bila msimamizi wala kamba?" Nyapara akaivua kofia, akaiweka magotini. Angeweza kusema, huyu hapa ndiye aliyenisainisha. Alikuwa na haki yote. Alisema, "Muulize Madam kama tulifunzwa."

Wote wakanigeukia. Naye akanigeukia, na sikuona hasira usoni mwake, niliona mtu anayengoja. Alikuwa hakika nitasema. Hilo ndilo linaloniamsha mapema hadi leo, kwamba alikuwa hakika.

Nikasema, "Rekodi zinaonyesha mafunzo yalifanyika."

Ulimi wangu haukuteleza. Niliichagua sentensi hiyo usiku uliotangulia, kwa sababu ilikuwa kweli nusu. Mwenyekiti akafunga jalada, akasema, "Ajali haina kinga, lakini uzembe una mwenyewe," na katibu akaandika. Nyapara akainuka akavaa kofia. Barua ilisema amefukuzwa kwa uzembe uliomlemaza mfanyakazi aliye chini yake. Alikuwa amebakiza miezi michache astaafu. Na kwa kuwa habari husafiri zikipungua, iliyofika Kiritiri ilikuwa fupi: Nyapara alimwacha Njeru shimoni akaenda kupigwa picha na wageni.

Mwalimu wa Meru alikuja mwishowe. Siku tatu kamili. Alifundisha kufunua vifuniko viwili na kusubiri hewa mbaya itoke, alifundisha kamba, alifundisha mtu wa juu asiye na kazi nyingine, alifundisha hata kwamba mwenye njaa asishuke. Nilikuwa nyuma, naandika. Mmoja wa kikosi akauliza kwa sauti, si kwa mwalimu, kwa hewa tu, "Si hii ni ya Nyapara?" Mwalimu akauliza Nyapara ni nani. Hakuna aliyemjibu, na mimi nikainama kwenye daftari.

Nilikaa na jambo hilo karibu miaka miwili. Nilipandishwa cheo humo katikati, usidhani nilikuwa nateseka kila siku. Kilichonisukuma ni kidogo. Kijana mpya ofisini aliniletea fomu za semina nyingine, zote zimejaa sahihi, na semina ilikuwa wiki ijayo. Alikuwa na uso wa mtu anayejua kazi yake. Nikazirarua, nikamfokea kupita kiasi, kisha nikafunga mlango nikaandika barua kwa kaunti, nikaeleza yote.

Jumamosi nikaendesha gari hadi kwake, nimwonyeshe kwanza. Nilimkuta anapogoa kahawa. Amekonda. Kofia ni ileile. Mkewe aliponiona hakusema karibu wala hakusema toka. Akaingia jikoni.

Nyapara alivaa miwani akaisoma barua yote, mstari kwa mstari. Akanirudishia.

"Umeandika vizuri. Peleka."

"Mzee, huna hasira na mimi?"

"Niko nayo. Kwani unadhani nimeumbwa na nini?" Akakata tawi moja. "Nilikaa hapa nikisema, huyu msichana nilimshikisha kamba na mikono yangu. Nilikuwa nasema hivyo hata kanisani, wakati wa maombi. Lakini hiyo barua inaenda kwa watu hawanijui. Wakisema mimi ni mbaya, wakisema mimi ni mzuri, ni sawa. Kuna mtu ananijua na amenikataa."

Akaniambia amekwenda Kiritiri mara tatu. Mara zote alibeba unga na ndizi. Mama Wawira hakumpa mkono. Mara ya mwisho alimwambia, mbele ya majirani, kwamba asije tena kumwangalia mtu aliyemzika akiwa hai.

"Na hukumwambia? Kwamba ilikuwa mimi?"

"Nikisema mimi, ni mtu anajitetea. Mama hawezi jua. Hiyo inatoka kwa mdomo yako ama haitoki."

"Nitaenda, Mzee."

"Lini?"

Nikaanza. Wiki ijayo kuna warsha, wiki inayofuata kuna wageni, labda mwisho wa mwezi. Nilijisikia mwenyewe nikisema, na aibu ikanipanda hadi masikioni. Aliniacha nimalize. Kisha akaweka makasi chini, akamwita mkewe amletee koti.

"Leo ni Jumamosi," akasema. "Leo yuko."

Tuliteremka kutoka kwenye majani ya chai na kahawa hadi kwenye ardhi nyekundu ya Mbeere, joto likaongezeka, akafungua dirisha. Barua ilikuwa juu ya kiti cha nyuma. Niliipeleka Jumatatu, na hadi naandika haya sijajibiwa.

Kwa Njeru palikuwa pamefagiliwa. Ndengu zilianikwa juu ya magunia, mbuzi wawili wamefungwa wasizifikie. Njeru aliketi kivulini ubavuni mwa nyumba, mikono juu ya magoti, inatetemeka. Mama Wawira alikuwa anapepeta. Alipomwona Nyapara akashusha ungo, akageuka aingie ndani.

"Mama Wawira," nikamwita. "Ngoja. Ni mimi nimekuja, si yeye. Yeye nimekuja naye tu."

Akasimama, mgongo kwetu. Nikasema nikiwa nimesimama pale juani. Nikasema mume wake hakufundishwa chochote na manispaa, aliyemfundisha ni Nyapara peke yake. Sahihi ya fomu niliitafuta mimi kwa mandazi. Siku ile Nyapara hakutaka kuondoka sokoni, nilimwondoa mimi, na kamba niliichukua mimi ili wageni waione. Aliyeshuka mara mbili kumtoa Njeru ni huyu. Na kamati ilipouliza kama ni kweli walifunzwa, nilidanganya, nikamwacha abebe.

Akageuka polepole.

"Wewe si ndiye ulikuja hospitali na maembe?"

"Ndiye mimi."

"Nikakushika mkono."

"Ndiyo."

"Nikakuombea. Nikaambia watu ya kanisa wakuombee kwa jina."

Aliniangalia, akamwangalia Nyapara, ambaye alikuwa amevua kofia na kuangalia chini kama yeye ndiye mwenye hatia. Kisha akaingia ndani. Alikaa huko muda. Njeru alikuwa amemwona Nyapara sasa, akawa anajaribu kusema kitu, midomo inafanya kazi, mkono umenyooka hewani unamtafuta.

Mama Wawira akatoka na kigoda. Alikipangusa kwa pindo la leso yake, akakipangusa tena, akakiweka karibu kabisa na mumewe.

"Keti, Mzee," akamwambia Nyapara.

Nyapara akaketi, Njeru akamshika mkono. Mama Wawira akaokota ungo wake akaendelea kupepeta. Mimi nilibaki nimesimama, nikiangalia mlangoni, nikidhani kwamba atarudi ndani kuleta kigoda kingine.